Wamepiga X Mpaka Kwenye Kaburi Lako

Basi Minza shoga yangu, tuendelee pale mvua iliponifukuza jana hapo kaburini kwako. Yule baba wa ofisi ya kata akaniambia, "Mama, mimi kaimu tu. Mtendaji mwenyewe yuko likizo." Kaimu ndiyo nani? Eti anayekalia kiti mpaka mwenyewe arudi. Nikamwambia, "Kumbe kuku akilalia mayai ya bata naye kaimu!" Akacheka, halafu akarudi kwenye karatasi zake.

Jambo lenyewe ni barabara. Inapanuliwa, na nyumba yako aliyobaki nayo binti yako Kabula imo njiani. Wameichora X nyekundu ukutani. Na kwenye saruji ya kaburi lako pia. Hilo jana nilishindwa kulitamka.

Karatasi ilisema AMRI, na siku saba za kupinga. Ungekuwepo ungenielewesha. Ulipokuwa mjumbe wa kijiji uliniambia, "Mwenyekiti anasema, mtendaji anafanya." Nikashika hilo tu, pa kupingia sikupajua. Nikaipeleka kwa ntemi, mkuu wetu wa sungusungu, kama tunavyofanya ng'ombe wakiibiwa. Yowe likapigwa, watu wakajaa, wote wakasema kaburi halihami. Tukarudi tunaimba! Nikamwambia Kabula, lala mwanangu, yameisha.

Siku ya tisa ndiyo nikaenda kata, kutamba. Kaimu akasema yowe halifuti amri, lilitakiwa pingamizi la kuandika, na siku zimeshapita.

"Basi futa wewe."

"Sina mamlaka ya kufuta, mama. Ninayo ya kutekeleza."

Mwenyekiti naye akasema yeye kazi yake mkutano. Kila mtu ana cheo, Minza, mwenye mkono hayupo. Na zile siku saba nimezila mimi. Kabula hajanilaumu. Ananikorogea uji tu, ndiyo inaniumiza.

Mengine mazuri. Pamba imestawi. Yule jirani yako aliyetokea Kasoli kaolewa tena, mara ya tatu, na shela juu! Ungecheka mpaka ukae chini.

Leo wanakuja kukuhamisha. Nimenunua shuka jipya, jeupe. Nitashuka shimoni mwenyewe, asikuguse mgeni kwanza, hiyo naahidi. Ukisikia majembe usishtuke, ni sisi, na mimi nitakuwa naongea tu muda wote ili ujue

Kabula ananiita, wamefika. Kwaheri mayu, mama wee, ngoja nitoke humu ndani, wasije wakaanza bila mimi.