Midomo ya Bomba la Chini

6 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo wewe na mikono yako? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenuna. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, maana kalamu na mimi hatujawahi kujuana. Akichomeka adabu zake humu, zipuuze.

Baba yako mkubwa kaja tena. Ati nisipoweza kwenda sokoni na kurudi mwenyewe, mwisho wa mwezi ujao ananihamishia kwake. Kanionyesha picha ya chumba: kitanda, dirisha, na nje ya dirisha ukuta. Nikamwambia hapo ni pa kuwekea magunia, si mama.

Wewe unawatengenezea baiskeli watu wasiokuzaa. Nitengenezee na mimi, ile ya kupanda bila kurusha mguu. Kuendesha najua, babu yako nilimfundisha mimi, akaangukia mtaroni. Vipimo hivi hapa, jirani kanipima nimesimama ukutani.

Bibi yako

17 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepunguza hasira. Mimi sijambo. Fundi mkuu amekubali, na fremu yako nimeshaichora ubaoni kwa ukubwa wake halisi. Bomba la juu halipo. Kuna moja nene la chini, linatoka kwenye usukani mpaka kwenye pedali, na hilo ndilo litakalokubeba.

Kazi ni midomo yake. Bomba la duara likikutana na duara jingine, ncha yake sharti ichongwe ilikumbatie mwenzake, hata karatasi isipite. Ukiacha mwanya, shaba ya kuunganishia inaujaza leo, halafu inapasuka ukiwa barabarani.

Bomba nene hilo liko moja tu hapa karakana. Lingine likiagizwa, Baba mkubwa atakuwa ameshakuhamisha. Niombee.

Mjukuu wako

9 Machi

Wewe mtoto,

Uko wapi? Salamu baadaye, kwanza nijibu. Kama umeungua, sema. Kama bomba limeharibika, sema limeharibika. Nimezika mume, bomba sitalililia. Baba yako mkubwa kaleta maboksi ya kufungashia. Moja nimelikalia hapa nikikungoja.

Bibi yako

18 Machi

Shikamoo Bibi,

Nisamehe. Mikono ni mizima, ni aibu tu iliyonifunga. Bomba la usukani limesimama, lile fupi la pedali limelala kwa ubavu, kwa hiyo midomo ya bomba la chini haielekei upande mmoja. Mimi sikuchora mstari wa kuniongoza, nikaichonga yote miwili ya kusimama. Wa juu ukakaa vizuri mno. Wa chini ukawa unang'ata hewa.

Fundi mkuu akaniuliza, "Ulikuwa unatengeneza baiskeli au filimbi?"

Ilibidi nikate ncha mbovu na kuchonga upya. Fremu nzima ikafupika, usukani umesogea karibu na kiti. Viungo vimeshika, fundi mkuu mwenyewe kairukia kwa uzito wake wote. Lakini si vipimo vyako tena, Bibi, na naogopa utabanwa. Nimeipakia kwenye lori. Ikikukataa, mwambie Baba mkubwa kosa ni langu.

Mjukuu wako

26 Machi

Mjukuu wangu wa roho,

Sisi wazima kabisa, hata magoti.

Sikia. Siku ile ya kupimwa nilijinyoosha kama askari. Nani hajinyooshi akipimwa? Jirani anasema hata mikono niliitupa mbele kama naiba embe. Mwili wenyewe ulishapinda zamani. Ungefuata vile vipimo ningekuwa nimelala juu ya baiskeli kama nguo iliyoanikwa! Hii usukani wake umenijia wenyewe, na mgongo hauniumi.

Nimekwenda sokoni, nimerudi, na vitunguu nyuma. Baba yako mkubwa alinifuata mbio njia nzima akipiga kelele, "Mama, breki! Mama, breki!" Tulipofika akakaa kizingitini akihema, akanywa maji yangu, akasema, "Haya, Mama, kaa kwako." Alipoondoka nikafunga mlango wangu, nikacheka mpaka nikalia.

Usininyamazie tena namna ile, nitakuja kukuchapa, na sasa usafiri ninao.

Kengele umesahau kuweka. Usijisumbue. Sauti ninayo, na mtaa mzima umeshaisikia.

Bibi yako, nyumbani kwake