Binita Alikuja Kutalii

Nyumba Na. 14, Laini ya Juu,
Shamba la Chai la Phulkhola,
Darjeeling.
16 Novemba 1997

Mpendwa kaka Padamdhoj,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia na lile goti lako la jeshini linakuruhusu kupanda ngazi. Wifi yangu Urmila hajambo? Sukari yake imeshuka, au bado anakula mithai kwa kujificha? Mimi ni mzima, ila ni uzima wa kujikongoja. Magoti yananiuma, mgongo unaniuma, na leo Jumapili nimeamka nikakaa tu kitandani na sweta mkononi, nikasahau nilitaka kulivaa au kulifua.

Siku ya Tihar, sikukuu ya dada kuwaombea kaka zao, nilikupaka tika ya rangi kwenye picha yako, ile uliyopiga na sare, kama ninavyofanya kila mwaka. Karatasi imeanza kubabuka kwenye paji la uso kwa sababu ya rangi ya miaka yote hiyo. Nikazungushia fremu shada la maua, nikakuombea maisha marefu, kisha nikayala mwenyewe yale maandazi ya sherehe maana picha haina meno.

Binita ameondoka jana. Atafika kwenu kabla ya barua hii, kwa kuwa posta yetu unaijua, na atakuwa amekwisha kukueleza mambo kwa upande wake. Atakuambia kwamba shangazi yake amemwaibisha mbele ya karani wa shamba. Ni kweli, nimemwaibisha. Sasa nisikilize na mimi.

Barua yako ya Agosti ilisema anakuja kutalii, nimtembeze auone mji aliotoka baba yake. Kurasa mbili nzima ni habari za kutalii. Kisha chini kabisa, baada ya salamu, ukachomeka maneno yako: nimpitishe ofisini, karani amwandike badala yangu, ni jina tu, tusije tukaipoteza nyumba. Nilicheka niliposoma. Hujabadilika tangu utoto, ombi lenyewe unalitoa ukiwa umeshashika kitasa cha mlango.

Lakini sikukataa, kaka, na hilo sikufichi. Mwisho wa Desemba natimiza miaka yangu hamsini na minane, jina langu linatoka katika daftari la wachuma chai, na jina likitoka na nyumba inatoka. Sina mtoto. Asipoandikwa mtu wa damu yetu kabla Novemba haijaisha, nyumba wanapewa wengine. Najua huko Dehradun unawaambia walinzi wenzako kwamba una nyumba Darjeeling na ukizeeka utarudi kuotea jua barazani. Nyumba ni ya shamba. Vilivyo vyetu ni masufuria na picha za ukutani. Hata hivyo wewe na mimi tulizaliwa katika chumba kile cha nyuma, na mama alifia humo, na mimi nilitaka ibaki kama ulivyotaka wewe. Basi nikaomba ruhusa ya siku mbili kwa mnyapara, nikavaa viatu vyangu vya harusi za watu, nikaanza kumtembeza mwanao kama dalali anavyomtembeza mteja kwenye kiwanja kinachojaa maji masika: nilimpitisha upande mkavu tu.

Siku ya kwanza tulikwenda Tiger Hill kulitazama jua likichomoza. Miaka yote hii nimeishi chini ya kilima hicho na sijawahi kupanda kwa ajili hiyo, maana jua huchomoza hata usipolifuata. Tuliondoka kabla jogoo hajawika, tukiwa tumebanana kwenye gari la jeep na Wabengali kumi waliovaa kofia za masikio. Huko juu ukungu ulikuwa mzito hata sikumwona aliyenikanyaga. Watu mia tatu walisimama wanatetemeka wakitazama weupe mtupu. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu mmoja akapiga makofi, wote wakapiga makofi, tukateremka. Binita alifurahi sana. Mimi nilisinzia njia nzima, kichwa begani kwa mama mmoja wa Kalkata, akaniachia nilale. Mungu ambariki.

Mchana tukapanda hadi uwanja wa Chowrasta. Ile hoteli ya pembeni imepakwa rangi ya waridi, utaicheka. Pale kuna wapiga picha wanaokodisha nguo za wachuma chai: sketi ya maua, kitambaa cha kichwa, shanga, na kikapu kipya ambacho hakijaonja jani. Binita akavaa. Alipendeza mno, kaka, macho ni ya mama kabisa. Mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mkoba wake, mpiga picha akanipungia mkono.

"Mama, sogea huko, unaniharibia picha."

"Naiharibuje?"

"Mteja anataka aonekane mchuma chai. Wewe umesimama hapo na mkoba kama unasubiri basi."

Nikasogea. Lakini niliona kikapu amekining'iniza begani mwa mtoto kama mfuko wa sokoni, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia mkanda hupita utosini.

"Mama, shika mkoba wako. Kazi hii nimeifanya miaka mitano."

"Mimi arobaini na mmoja," nikamjibu. Akadhani namtania. Picha hiyo atakuonyesha Binita. Ukitazama pembeni kushoto utaona kiwiko changu.

Jumanne tulikwenda kwenye bustani ya wanyama, tukapanda na lile gari moshi dogo hadi Batasia na kurudi, tukala momo zilizojaa nyama, za kutosha kulisha kikosi chako. Akanunua shali mbili, moja ya mama yake. Nyumbani mlango wa choo chetu umevunjika bawaba, hilo nilimficha kwa pazia. Lakini asubuhi ya Jumatano alitoka kupiga mswaki, nikasikia anapiga ukelele, nikadhani ameanguka. Kumbe ukungu ulikuwa umeondoka na Kanchenjunga imesimama yote nyuma ya choo, nyeupe kwa theluji kuanzia juu mpaka chini.

"Shangazi! Mnaamka na hii kila siku?"

"Mlima huo hauendi popote," nikamwambia. "Maliza meno, maji yanapoa." Lakini nilimwona alivyousimamia na povu mdomoni, na moyoni nikasema, amenasa.

Wazee wa kale walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami siku ya tatu nikampa kikapu. Alitaka mwenyewe. Nilimfunga mkanda utosini, nikamwonyesha majani mawili na chipukizi lake, na nikamchagulia mteremko laini ulio karibu na barabara. Jirani yetu Lakhimaya, yule uliyewahi kumtia mende kwenye nywele, alitukuta hapo akaangua kicheko.

"Harka! Umepata mrithi! Umemwambia habari za Julai?"

"Wewe chuma chako, usinichumie maneno."

"Julai kuna nini?" Binita akauliza.

"Mvua," nikasema.

"Na ruba," akaongeza Lakhimaya, akijishika paja. "Wanapanda mpaka huku."

"Kadudu tu," nikamwambia mtoto. Nimesema uongo mwingi maishani kwa ajili ya amani, lakini ule ulinikaa kooni mchana kutwa.

Alichuma tangu asubuhi hadi saa nane. Alichochuma kingetosha vikombe sita. Tulipokaa kula alinyoosha vidole vyake vilivyopakwa utomvu mweusi, akaviangalia kwa fahari, akasema, "Shangazi, niandikeni. Baba alishaniambia habari za nyumba. Chuo cha uuguzi kitangoja, nikikosa Januari nitaomba tena mwaka kesho. Ni jina tu, si ndiyo?" Moyo wangu uliruka kwa furaha, kaka. Alhamisi yote niliimba nikichuma, mpaka Lakhimaya akaniuliza kama nimechumbiwa.

Ijumaa tukaenda ofisini. Karani ni Subba, mtoto wa yule Subba wa zamani, kipara kama cha baba yake. Akalitoa daftari, akafungua ukurasa wa Nyumba Na. 14. Ukurasa wetu ni mmoja tu. Juu limeandikwa jina la mama, limepigwa mstari. Chini yake jina langu, na tarehe: 3 Aprili 1956. Chini yake pamebaki mistari mitupu. Binita akatoa kalamu yake mwenyewe kwenye mkoba, akaifungua, akasimama tayari.

Sijui kama unajua jinsi jina langu lilivyofika pale. Ulikuwa umeandikishwa jeshini mwezi uliotangulia, bila kumuaga mtu. Mapafu ya mama yalikuwa yamekwisha. Wewe ndiye uliyekuwa uandikwe, jina lako karani alikuwa ameshalitayarisha. Mama akaja kunitoa darasani. Nilikuwa darasa la tisa, wa pili katika mtihani. Njiani akaniambia nisilie, ni jina tu, mpaka kaka yako apate likizo. Kesho yake nilikwenda kuchuma na viatu vya shule kwa kuwa sikuwa na vingine. Vilikuwa vipya. Vilikufa ndani ya wiki mbili.

Jina peke yake halichumi, kaka. Usipoonekana shambani siku kadhaa wanalifuta, na nyumba wanaichukua vilevile. Wewe hukulijua hilo kwa sababu hukuwahi kukaa. Mimi nililijua, na bado nilimpeleka mtoto mpaka pale mezani, baada ya kumlisha momo na kumwonyesha theluji.

"Huyu ndiye?" karani akauliza.

Nikasema, "Hapana. Huyu ni mgeni. Amekuja kutalii."

"Mgeni gani mwenye pua yako?"

"Mtalii, Subba. Kesho anaondoka. Andika hakuna."

Binita akasema, "Shangazi!" Watu watatu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Subba akaniuliza mara mbili, kwa heshima, kama ninaelewa ninachokifanya. Nikamwambia ninaelewa. Akaandika. Mimi nilitazama nje ya dirisha.

Jioni ile alipanga nguo zake kwenye begi akinipa mgongo. Jana nilimsindikiza hadi kituo cha magari, nikabeba begi lake dogo, akaniachia nilibebe. Alipokwisha kukaa akafungua kioo. "Shangazi, hukunitaka?"

"Nilikutaka mno," nikamwambia. "Nenda kasome." Dereva akapiga honi, wakaondoka, nami nikakaa kwenye kibaraza cha duka la viazi mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Basi usimgombeze mtoto. Alikuwa radhi kukufanyia ulilomtuma. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi, ila ujue nimechoka hivi kwamba maneno yako yatanipitia juu ya kichwa. Najua nimekuvunjia ndoto ya uzeeni. Nami nimejivunjia yangu. Usiku wa Ijumaa nililia sana kwa ajili ya hicho chumba cha nyuma, nikashangaa kwamba bado nina machozi ya chumba. Sikukasirikia kwenda kwako jeshini. Kijana ni kijana. Kinachoniuma ni kwamba miaka arobaini na mmoja umeniandikia habari za mvua na bei za nyanya, na hata siku moja hukuuliza nilikuwa nataka nini.

Usihofu nitalala wapi. Kiinua mgongo wameahidi, tutaona. Lakhimaya ameninyang'anya hata nafasi ya kujihurumia: amenipa chumba cha nyuma ya jiko lake, kilichokuwa cha mbuzi. Mbuzi amehamishwa na amekasirika, ananitazama vibaya nikipita. Ndani pana dirisha na ukuta mmoja una joto la jiko. Mkwe wake ndiye aliyeandikwa kwao, kwa hiyo sisi vizee wawili tutakaa tukisengenya.

Nisalimie wifi Urmila, mwambie nimemfungia gundruk mkavu wa majani ya haradali kwenye begi la Binita, upande wa chini, auanike kidogo kabla ya kuupika. Nisalimie mwanao Dipen na mkewe, na yule mjukuu ambaye mpaka leo mnamwita Mtoto, mpeni jina jamani. Binita mwambie akiudhika anaruhusiwa, ila aniandikie Januari masomo yakianza, atume kwa jina la Lakhimaya, Nyumba Na. 17. Mungu awaweke nyote chini ya mkono wake, awape chakula, afya na usingizi.

Na wewe, kaka, njoo. Njoo Desemba, kabla ya tarehe thelathini na moja, nyumba ikiwa bado ni yetu. Chukua treni, acha mizigo, acha mipango, njoo kutalii tu kama watu wengine. Huna haja ya kutuma habari kwanza wala kunitafuta huko miteremkoni. Kuanzia tarehe ishirini nimeomba likizo yangu yote iliyobaki, ya kwanza tangu tumzike mama. Ingia tu barazani, utanikuta nimekaa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Harkamaya