Nusu ya Mnara, Viena

Alhamisi, 7 Julai 2016
Rashidiya. Masanduku yako mlangoni. Kesho Viena — mimi! Mume wangu Himid anasema ni mji wa wafalme wa zamani, una kanisa lenye mnara, ukipanda unauona mji wote. Nikamwambia, safari hii napanda. Lile jumba refu la hapa Dubai nilibaki chini na mimba yangu, wenzangu wakarudi na picha. Akacheka. Utapanda, Mama Zayd, wallahi.
Tulikuwa twende watatu, sisi na Zayd wetu mchanga. Sasa anakuja mama mkwe, na wifi Raghad. Nimesema karibuni. Ningesema nini?

Ijumaa, 8 Julai
Tumefika. Zayd kalia njia nzima, wenzangu wamelala. Mama mkwe katandaza visheti vya Iddi kitandani hotelini. Wanakumbushana safari zao za zamani, kabla yangu. Walipocheka nikacheka.

Jumamosi, 9 Julai
Kasri — ngazi. Makumbusho — ngazi. Nani abaki na kigari cha mtoto? Wote wakanitazama. Zayd atataka titi, kasema Himid. Kweli. Nimekaa na njiwa. Raghad akarudi na simu: wifi, tazama dari hilo! Nimelitazama, kwenye simu.
Jioni picha zote wametuma lile kundi la Wasap la harusi yetu. Mama yangu kaandika kutoka Unguja: na Ghania yuko wapi? Hakuna aliyemjibu. Hata mimi.

Jumapili, 10 Julai
Leo mnara. Nimevaa raba tangu alfajiri. Mama mkwe kasema yeye kanisani haingii, astaghfirullah — nikafurahi! Basi atakaa na Zayd. Kumbe mlango wa ngazi uko nje, ubavuni. Ah, huko si kanisani, kasema. Kashika ukuta, huyoo. Magoti yake, Rashidiya kila siku tuyapake mafuta, Viena hayaumi! Himid nyuma yake asije akaanguka. Raghad nyuma ya Himid. Kesho zamu yako, wifi!
Nimezunguka uwanja na kigari. Farasi wa hapa wanavishwa kofia za masikio. Bwana mmoja kaniomba niwapige picha yeye na mkewe. Nimewapiga nzuri.

Jumatatu, 11 Julai
Leo tunarudi. Himid kasema asubuhi iwe ya madukani, mama anataka chokoleti za kupeleka. Mnara tutakuja tena, inshallah.
Khalas, yatosha. Njiani kwenda madukani nimekaa benchi chini ya mnara, nimemnyonyesha Zayd mpaka kashiba. Nimembusu kisogo. Nimempakatisha baba yake.
Wapi? kauliza. Juu. Atalia! Mbembeleze, mwanao. Mama mkwe: makubwa haya!
Sikugeuka.

Naandika hapa hapa ngazini. Nyembamba, inazunguka kama gamba la konokono. Pumzi sina. Kuna kidirisha, nimewaona — Himid anamrusharusha Zayd, mama mkwe anamwonesha saa. Maziwa yameshuka, abaya imelowa kifuani. Basi analia. Kipenzi changu.
Himid kapiga simu. Kapiga tena.
Mzee mmoja anayeshuka kanionesha kwa vidole — bado kidogo tu.
Nimefungua lile kundi, nimemjibu mama: niko mnarani, mama. Nusu.
Himid anapiga tena —