Kahawa ya Ruguru Iko Kwa Beseni

Njeru mwanangu,

Nampeleka msichana wako Ruguru hospitali Embu. Githeri iko kwa sufuria. Ng'ombe nimekamua, mpe maji tu.

Asubuhi Ruguru aliniletea kahawa mbichi imechanganyika na iliyoiva. Nikamwita mvivu. Akaniambia mimi nyanya yake, "Cucu, jicho la kulia linaona nyekundu kama majivu. Nikiligeuza linauma."

Kumbe ni ile MS yake, ugonjwa wa neva, imerudi. Siku tatu analia kichwa na sisi tunasema ni simu!

Beseni ~~peleka kiwandani~~ iache, wataikataa. Nitachagua mwenyewe nikirudi, hata nikiwa nimechoka hivi.

Nilimgombeza bure, na pole bado sijamwambia. Ananingoja hapa mlangoni, amefunika jicho na leso yangu.

Cucu