Pasipoti Mbili za Kitoto

Serres, 9 Oktoba 2008

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Ugiriki, ng'ambo ya mpaka. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti, si juu ya ngazi ukichuma zabibu ambazo daktari amekukataza hata kuzisogelea. Sisi hatujambo. Mume wangu Lefteris anakusalimu, na mjukuu wako ana meno manne; juzi amemng'ata nesi wa chanjo. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Barua nitampa dereva wa basi la kuja huko Petrich, nimwagize asiondoke mlangoni mpaka akuone umeanza kuisoma.

Shangazi Ginka ameniambia yote uliyomkataza kusema. Kwamba moyo wako unatakiwa kupasuliwa Sofia, kwamba hospitali imekupa tarehe mara mbili, Juni na Agosti, na mara zote umewajibu hulali juu ya meza ya mtu yeyote kabla hujampakata mjukuu wako. Eti ulimwambia daktari, "Kijana, wewe noa kisu chako, mimi nina mgeni namsubiri." Shangazi alikuwa anacheka akinisimulia. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Maana mgeni mwenyewe yuko mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwako. Kila Jumapili umeniuliza tunakuja lini, na kila Jumapili nimekujibu kwamba makaratasi yamekwama: leo ofisi ya Wagiriki, kesho ubalozi wetu mdogo, keshokutwa mhuri. Ukawatukana watu wale mpaka mama mkwe wangu, aliyekuwa chumba cha pili, akauliza nani anagombana na nani.

Mwezi Mei nilijaribu kuvuka na cheti chake cha kuzaliwa tu. Askari wa mpakani akakisoma, akakigeuza, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia, tunamwita Kitoto. Alicheka, akamshika shavu, kisha akaturudisha. "Dada yangu, nimpitishe mtu asiye na jina? Nendeni kwanza mkampe jina, halafu mje na pasipoti." Nilipokueleza kwamba huku mtoto anaweza kumaliza mwaka bila jina, akingoja ubatizo, ulisema Wagiriki wana wazimu. Lakini kuna jambo sikukueleza. Jina linaweza kuandikishwa ofisini hata kabla ya padri, mradi baba na mama watie saini wote wawili. Mtoto wa Mgiriki na Mbulgaria ana haki ya pasipoti zote mbili, na hakuna anayemlazimisha kuchagua. Wanachotaka ni kwamba jina liwe moja kotekote, maana likitofautiana, mpakani atahesabiwa watu wawili.

Sasa nakuambia ukweli, Baba. Makaratasi hayakukwama popote, na wale uliowatukana hawana kosa. Aliyekwama ni mimi.

Kwa desturi mtoto alipaswa kuitwa Evanthia, jina la mama mkwe. Desturi ni hiyohiyo hata kwetu, najua. Lakini mimi nilitaka Zdravka, jina la marehemu Mama. Nilikataa kutia saini tangu alipozaliwa Januari mpaka Agosti. Lefteris alinibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Baba mkwe akasema mezani, "Huyu bibi harusi kaja na kichwa chake kutoka kwao." Mama mkwe aliendelea kunipakulia chakula. Sikutikisika. Nilidhani namlilia Mama, kumbe nilikuwa nakuzika wewe ungali hai, na kila Jumapili nikikudanganya. Nisamehe. Naona aibu kubwa.

Asubuhi baada ya Shangazi kunipigia simu, nilimwambia Lefteris avae viatu. Tulienda ofisini na nikatia saini: Evanthia. Nililia kwenye ngazi, halafu nikanawa uso nikaanza kufuatilia pasipoti. Mama mkwe alikuwa anamenya pilipili za kuchoma tulipomwambia. Aliendelea kumenya, kisha akasema, "Jina lenyewe nimelibeba miaka sabini na moja, wala sioni uzuri wake. Kule kwa baba yako mwiteni Zdravka. Masikio yangu hayafiki Petrich." Akanipa chupa mbili za pilipili hizo nikuletee.

Pasipoti ya pili nimeichukua jana. Zote mbili ziko mezani hapa, na katika picha zote mbili amefungua mdomo. Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa getini kwako, mfunge mbwa. Mpakate mjukuu wako siku mbili nzima, mwite jina utakalo, na unigombeze kiasi utakacho, nimestahili.

Ila ujue kwamba nimeshaongea na daktari. Jumatatu saa moja asubuhi unaingia hospitali, na atakayekupeleka ni mimi. Mgeni wako atakuwa amefika, Baba. Huna kisingizio tena, na mimi pia sina.

Nisalimie Shangazi Ginka, mwambie amefanya vizuri kutokutii. Ufungashe pajama safi.

Ni mimi binti yako mwenye kichwa kigumu, nilichokirithi kwako,

Desislava