Mke wa Mjomba na Zile Kurasa za Mwisho

Jumatano. Baridi ya Songea leo haina huruma. Milima ya Matogoro haikuonekana mpaka karibu na mchana, na mimi nimeshinda na sweta humu ndani kwangu, mtaa wa Msamala, moyo umevurugika. Lawama zote nakipa kitabu.

Ni riwaya ya zamani niliyokulia nayo kijijini kwetu, upande wa Namtumbo. Nakala yetu haikuwa na kurasa za mwisho, na nilijua nani alizichana: mama mdogo, aliyeolewa na baba baada ya mama yangu kufariki. Kitabu chenyewe nilikikuta kimefichwa kwenye kihenge, chini ya mahindi. Nani mwingine angemfichia mtoto kitabu?

Nilikipenda kwa sababu msimulizi alikuwa mwenzangu. Analelewa kwa mjomba wake. Mjomba kwake ni malaika: anacheka, anagawa, hakosi pipi mfukoni. Mke wa mjomba, msimulizi anamwita bahili, mchawi, jicho kavu. Kila nilipofinywa sikio nyumbani, nilirudi kwenye kurasa zile kuchota maneno ya kumtukania mama mdogo kimoyomoyo.

Jumamosi nilikipata kizima kwa muuza vitabu vya mitumba sokoni. Leo nimekimaliza.

Msimulizi amenigeuka.

Katika sura ya mwisho mjomba ameshuka, mkewe amepanda. Kumbe vyote alivyogawa mjomba ni vile alivyolima mkewe, na ubahili ule ndio uliomsomesha kijana. Basi analia juu ya kaburi la yule mwanamke, analia weee. Nimekasirika. Ni rahisi kumsifu mtu ambaye hawezi tena kukufinya sikio.

Wa kwangu yu hai. Baba alitutoka mwaka jana, na ukoo unataka mama mdogo arudi kwao Maposeni, ambako amebakiwa na mpwa asiyemtaka. Miguu inamvimba, jembe haliwezi tena. Nyumba ya kaka Gervas imejaa, kwa hiyo jambo limebaki langu: aje akae nami, au nimwache aende? Kikao ni kesho kwa baba mkubwa. Nilishaandaa jibu la hapana.

Mchana nikampigia kaka kumwambia nimekipata kile kitabu, pamoja na kurasa alizochana mama mdogo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama mdogo? Wee! Zile alizivuta baba. Karatasi yake nyembamba, tumbaku ilikuwa inasokoteka vizuri. Mama mdogo ndiye aliyemnyang'anya kilichobaki, akakifukia kwenye kihenge kisiishe chote."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Ungenisikiliza, mdogo wangu? Baba kwako alikuwa mtakatifu."

Nimekaa jikoni mpaka maharage yakaungua. Baba yangu, niliyemlilia hadi sauti ikakauka, amevuta mwisho wa hadithi yangu. Siwezi kumchukia, na sitaki. Lakini pia siwezi kusema mama mdogo amegeuka malaika leo. Ulimi wake ni uleule wa pilipili, na akija humu tutagombana hata kwa chumvi. Naogopa, tena sana.

Ila nikimfikiria yule kijana pale kaburini naogopa zaidi.

Jioni nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo, mama."



"Marahaba. Nani amekufa?"

Ni kweli, sijawahi kumpigia bila msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama, wote wazima, na kesho nitawaambia kwenye kikao kwamba unakuja kwangu.

Akauliza, kwa sauti yake ileile ya ukali, kama huko mjini kwangu kuna pa kupanda maboga.

Kuna kipande nyuma ya bafu, kimejaa magugu. Kesho, kabla ya kikao, nitakilima mwenyewe.