Mlango wa Bluu

3 Machi

Mama yangu,
Shikamoo! Miguu inasemaje? Mimi mzima, ila vidole vimeungua tena, usigombe. Mama, nimemaliza mlango wa karakana yangu! Wa chuma, nimeuchomelea mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, nikaupaka ile bluu unayoipenda. Nimeuegemeza karibu na kitanda, nalala nikiukodolea macho. Mwezi wa sita naagana na bosi, najitegemea! Na wewe, bado unasali nje, dirishani pa kanisa?
Mwanao, Cheche

14 Machi

Cheche wangu,
Marahaba. Mikono ina nguvu, miguu ndiyo imegoma. Hongera, fundi! Ndiyo, bado nakaa nje, chini ya dirisha la kanisa. Wazee walinibeba mara moja kupanda ngazi na kiti changu cha magurudumu, wanahema kama wanahamisha kabati, kiatu kikanidondoka, watoto wakacheka. Nikasema basi. Jumapili mvua imeninyeshea katikati ya wimbo. Nimeumaliza hivyo hivyo. Yesu ananisikia hata hapa. Ila natamani siku moja niingie mwenyewe, nikae na kwaya.
Mama yako

22 Machi

Shikamoo mama, naandika mbio mbio. Azima futi kwa jirani yako fundi cherehani. Pima ngazi za kanisa, kutoka chini hadi mlangoni. Pima na kiti chako, gurudumu hadi gurudumu. Nitumie. Usiulize!
Cheche

30 Mei

Cheche,
Salamu baadaye. Lori limeshusha mteremko wa chuma wa kupandishia kiti changu, umekaa sawasawa juu ya ngazi. Lakini bluu ile naijua. Mtoto wewe, umekata mlango wako! Nimelia, halafu nimekasirika. Na karakana je? Njoo uuchukue.
Mama

5 Juni

Shikamoo mama, poza hasira. Siuchukui ng'o! Bosi kaniita mwehu: "Mlango mzima unampa mama yako?" Nikamwambia ningekuwa na miwili ningempa yote. Ningefunguaje mlango wangu wewe ukinyeshewa nje? Yesu hakutupa makombo, alijitoa mwenyewe. Nilipokuwa naukata nilikuwa naimba, bosi akadhani nimelewa! Vyuma nitakusanya vingine. Panda, mama!
Cheche

Jumapili, 12 Juni

Mwanangu Cheche,
Sijambo, tena sijambo sana! NIMEPANDA! Mzee mmoja kaja mbio kunisukuma, nikamwambia, "Toa mkono, baba, gari hili lina dereva." Nimefika juu jasho linanichuruzika, kanisa zima limesimama, kwaya imesahau wimbo. Unajua nimefanyaje? Nimegeuza, nikashuka, nikapanda tena! Mchungaji kasubiri na Biblia yake mkononi. Nyuma yangu kapanda bibi wa mkongojo, hajawahi kuingia bila kushikwa. Nimekaa na kwaya, safu ya mbele. Mvua ikaanza. Nikaisikia inavyopiga bati juu, nikapaza sauti mpaka nikaizidi.

Mama yako, sasa niko ndani